Je, Mchezo Uko Nje ya Maisha? Kumsoma Huizinga kwa Jicho la Kiswahili

Makala haya yanachunguza dai moja tu la kitabu kimoja. Kitabu chenyewe ni Homo Ludens, yaani binadamu mchezaji, cha Johan Huizinga, mwanahistoria wa Kiholanzi aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Leiden. Kilitoka mwaka 1938. Dai lenyewe ni kwamba mchezo ni jambo lililo nje ya maisha ya kawaida. Tumelichagua kwa sababu mbili. Kwanza, wataalamu wengi wanaoandika juu ya gemu za video huanzia hapo. Pili, wazazi na walimu wengi hapa Uganda wanaolalamika kwamba gemu zinawapotezea vijana muda husema jambo lile lile bila kumsoma Huizinga: kwamba maisha yako huku, mchezo uko kule, na kila dakika inayotumika kule imeibwa huku.

Hoja ya Huizinga

Kwa mujibu wa Huizinga, mchezo ni tendo la hiari. Una mahali pake na muda wake, una kanuni zake, na hauna faida ya mali. Anayeingia uwanjani huyaacha mambo ya kila siku nje ya mstari. Hata hivyo, Huizinga haudharau mchezo hata kidogo. Kinyume chake, anadai kwamba sheria, ushairi, falsafa na hata vita vilianza kwa umbo la mchezo. Hoja hii ni nzito na inastahili heshima.

Katika sura ya pili anatafuta ushahidi ndani ya lugha. Anapitia Kigiriki, Kisanskriti, Kichina, Kijapani, Kiarabu, Kilatini, lugha za Kijerumani, na hata lugha ya Wablackfoot wa Amerika Kaskazini. Lugha za Kibantu hazimo. Si haki kumlaumu mtu kwa lugha asizozijua, lakini ni wajibu wetu sisi tunaozijua kuuliza: je, dai lake lingebaki lilivyo kama angekuwa na neno mchezo mbele yake?

Ushahidi wa neno

Kitenzi kucheza kina matumizi mengi kuliko tunavyowafundisha wanafunzi wetu wa mwaka wa kwanza. Mtoto hucheza barazani, timu hucheza mpira, na watu hucheza ngoma. Lakini mpigaji ngoma hachezi, anapiga. Gitaa hupigwa, zumari hupigwa, piano hupigwa. Katika lugha kadhaa za Ulaya kitenzi kimoja hutumika kwa mchezo na kwa ala ya muziki. Kiswahili kimeweka mpaka hapo: mkono unaofanya kazi unapiga, mwili unaoitikia unacheza.

Aidha, mtoto hucheza tumboni mwa mama yake, jino lililolegea hucheza, jicho humcheza mtu, na machale humcheza aliyehisi hatari. Katika matumizi haya hakuna hiari, hakuna uwanja na hakuna kanuni. Kuna uhai na mwendo tu.

Ushahidi wenye uzito zaidi ni kauli ya kutendwa. Katika jamii za pwani na bara ya Tanzania zenye unyago, mwali huchezwa. Huizinga angejibu kwamba unyago nao una mahali pake na siku zake. Ni kweli. Lakini aliyeingia humo akiwa msichana hutoka akihesabiwa kuwa mwanamke, na hesabu hiyo haifutiki siku zikiisha. Mchezo wa namna hii hauko nje ya maisha. Ni mlango wa kuyaingilia.

Tukubali pia kwamba Kiswahili chenyewe kina sauti nyingine. Tunaposema "si mchezo" tunamaanisha jambo ni zito, na tunapomwambia mtu asituchezee tunadai heshima. Kwa hiyo wazo kwamba mchezo ni wepesi limo pia katika lugha yetu. Tofauti ni kwamba kwetu wazo hilo halikupewa neno zima.

Kete zisizotoka ubaoni

Tuiache kamusi twende barazani. Bao la Kiswahili lina safu 4 za mashimo 8 na kete 64. Omweso wa Buganda na igisoro ya Rwanda zina idadi hiyo hiyo ya mashimo na kete, ingawa kanuni zinatofautiana. Katika bao la Kiswahili kila mchezaji huanza na kete 22 mkononi, naye huziingiza mojamoja katika hatua ya kunamua. Katika omweso kete zote huanza zikiwa ubaoni. Mwaka 1995 Alex de Voogt alitetea tasnifu yake juu ya mafundi wa bao wa Zanzibar katika chuo kile kile cha Leiden alikofundisha Huizinga.

Jambo moja katika michezo hii linastahili kutazamwa kwa makini. Kete iliyoliwa haitupwi nje. Anayekula huzipanda kete hizo upande wake na mchezo unaendelea. Mshindi hushinda, mshindwa hucheka au hununa, lakini kete ni zile zile 64. Walio pembeni nao wamo: wanashauri, wanabeza, wanasahihisha hesabu. Mahali penyewe si uwanja uliotengwa, bali ni baraza, kivuli cha mwembe, au steji ya bodaboda ambapo mchezo hukatizwa mara moja abiria anapofika. Hakuna anayeona kwamba ametoka nje ya dunia akarudi.

Gemu za video

Wengi hudhani kwamba gemu zimevunja desturi hii. Historia yake inaonyesha vingine. Tetris ilitungwa mwaka 1984 na Alexey Pajitnov, mtafiti wa kompyuta mjini Moscow, kwa mashine ya kazini kwake. Mwaka 1997 gemu ya nyoka iliingizwa katika simu ya Nokia 6110, na tangu hapo watu wengi wamekutana na gemu yao ya kwanza ndani ya chombo walichokinunua kwa ajili ya shughuli. Mchezo ulikuja ukiwa umelala katika mfuko mmoja na kazi. Anayecheza akisubiri teksi ijae hajavuka mstari wowote.

Vivyo hivyo katika vibanda vya gemu vya miji yetu. Wawili wanashika vidude, kumi wanatazama, na kelele za watazamaji ni zile zile za kwenye omweso. Tofauti iliyopo ni kubwa, nayo haihusu muda unaopotea. Kanuni za bao ziko vichwani mwa wachezaji. Wanaweza kuzibishania na kuzirekebisha. Kanuni za gemu zimefungwa ndani ya mashine, na mwenye ufunguo ni kampuni iliyo mbali.

Pale Huizinga anapotufaa

Mwaka 1958 Mfaransa Roger Caillois alimkosoa Huizinga kwamba, kwa kukataa faida ya mali, ameiacha nje michezo yote ya kamari. Ukosoaji huo ni sahihi. Lakini sharti lile la Huizinga linatukumbusha swali ambalo Kiswahili kinalificha. Sisi husema mchezo wa kupeana fedha, yaani upatu, na husema pia michezo ya kubahatisha. Neno ni moja, mambo ni mawili. Katika upatu kila shilingi iliyoingia humrudia mmoja wa wachezaji; kete hazitoki ubaoni. Katika kamari ya mechi sehemu ya kete huondoka kila siku kwenda kwa mwenye duka. Bunge la Uganda lilipotunga sheria ya bahati nasibu na michezo ya kubahatisha mwaka 2016 liliweka umri wa miaka 25 kuwa mpaka wa kuingia. Wabunge walitambua kwamba jina la mchezo halitoshi kuwa kinga.

Kipimo hicho hicho kinafaa kwa gemu. Mwaka 2018 mamlaka ya kamari ya Ubelgiji iliamua kwamba masanduku ya bahati yanayouzwa ndani ya gemu, ambayo mchezaji hulipia bila kujua atapata nini, ni kamari. Mwaka uliofuata kampuni ya EA iliacha kuwauzia Wabelgiji sarafu za kununulia pakiti hizo katika gemu yake ya mpira wa miguu. Mwaka 2019 pia nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha orodha ya magonjwa ya ICD-11, iliyoanza kutumika 2022, ambamo uraibu wa gemu umetajwa. Dalili zake ni mtu kushindwa kujizuia, kuitanguliza gemu mbele ya mambo mengine, na kuendelea ingawa anaumia. Idadi ya saa haimo katika dalili hizo.

Hitimisho

Kwa maoni yetu, Huizinga alikosea alipouweka mchezo nje ya maisha, lakini alikuwa sahihi alipoona kwamba faida ya mali inaweza kuuharibu. Kwa hiyo mwalimu au mzazi anayemwona kijana na gemu asianze kwa kuuliza amecheza saa ngapi. Aulize kete zinakwenda wapi: je, zinabaki kati ya wachezaji, au kuna asiyecheza anayezichukua?

Kazi ya idara zetu ni ndogo lakini ni yetu. Wanafunzi wanaokwenda likizo wanaweza kuandika maneno yanayosemwa kwenye omweso, kwenye ludo na kwenye vibanda vya gemu: anayeshinda husema nini, anayeonea huitwaje, kuchukua nafasi ya mwenzako kunaitwaje. Maneno hayo yapo na yanazungumzwa kila jioni. Orodha kumi za namna hiyo zingetupa somo zuri la msamiati kuliko nakala tunazorudufu kila mwaka.