Sauti Isiyo na Mwenyewe

Kuigiza ni sehemu ya utamaduni wetu tangu kale. Katika ngoma, ngano na vichekesho, msanii huchukua sauti ya mzee, ya mlevi, hata ya mtawala, nayo hadhira hucheka kwa kuwa inamwona mwigizaji amesimama mbele yake. Hapana anayedanganywa. Washairi wetu nao, hata wanapomsemesha mnyama au marehemu, wana desturi ya kutaja majina yao katika beti za mwisho, ili sifa na lawama zijue pa kwenda. Uhalali wa sanaa hii, basi, umo katika uwazi wa yule aigaye.

Yafaa tujiulize: je, sura na sauti zinazoghushiwa kwa akili mnemba wakati wa kampeni za uchaguzi, nazo tuzihesabu kuwa uigizaji?

Mwezi Januari 2024, wapiga kura wa jimbo la New Hampshire, Marekani, walipigiwa simu wakasikia sauti mfano wa ile ya Rais Joe Biden ikiwataka wasijitokeze katika uchaguzi wa mchujo. Rais hakuyasema maneno hayo. Huo ulikuwa udanganyifu mtupu. Mwaka huohuo, nchini India, chama cha DMK kilimwonyesha hadharani kiongozi wake M. Karunanidhi, aliyefariki mwaka 2018, akiwasifu walio hai. Mfano huu ni mgumu zaidi, kwani watazamaji walijua kuwa mzee yule amekufa, na chama kilikuwa chake. Hata hivyo, sifa zile hazikutoka moyoni mwake. Aliyezitunga alijificha nyuma ya heshima ya marehemu.

Jambo hili si geni kwetu kama linavyodhaniwa. Katika uchaguzi mkuu wa 1965, wagombea wawili wa TANU, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine ya nyumba, walisimama jukwaa moja mbele ya wapiga kura walewale, wala mgombea hakuruhusiwa kudai kuwa Rais anamuunga mkono. Mfumo ule wa chama kimoja ulikuwa na kasoro zake, nao ulikoma mwaka 1992. Lakini kanuni ile ilikuwa na hekima: heshima ya Mwalimu Nyerere isigeuzwe mtaji wa mgombea. Mwalimu alifariki mwaka 1999. Hotuba zake zimehifadhiwa, na sauti yake yajulikana hata kwa vijana waliozaliwa baada yake. Leo mashine yaweza kumfanya ampendekeze mtu ambaye hakupata kumjua. Lililokatazwa angali hai, litakuwaje halali sasa ambapo hawezi kulikana?

Huku Kwai, katika milima ya Usambara, ukungu wa kipupwe ukitanda bondeni, mtu humtambua jirani yake kwa sauti kabla ya kumwona. Kwa mkulima wa viazi na kabichi, apataye habari kwa simu ya mkononi baada ya kupita mikono mingi, sauti ni ushahidi. Anayeighushi haibi kura tu. Anampokonya mkulima huyo njia yake ya kumjua msemaji, na papo hapo anampa kiongozi mwongo kisingizio cha kusema, "Si mimi, ni mashine."

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kujifanya mtu mwingine kwa kutumia kompyuta. Ni vema. Lakini sheria huja baada ya kosa, na kura ikishatumbukizwa sandukuni hairudi mkononi. Kwa hiyo mwalimu na awazoeze wanafunzi wake kuihakiki sauti ya kampeni kama wahakikivyo shairi: ni nani aliyeyatunga maneno haya? Aliyepewa kuyasema ameridhia? Na mtunzi ametaja jina lake wapi? Sauti isiyo na jibu la maswali hayo isipewe kura, hata ikiwa tamu namna gani.