Utoto wa kambini jukwaani: juu ya kiambishi kilichoachwa nje

Mchezo tuliouona hivi karibuni katika ua wa parokia moja ya Lubumbashi umetungwa na vijana ambao hakuna hata mmoja wao aliyezaliwa kabla ya 2003, mwaka ulipoanza ule mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, ambao uliwatoa Gécamines wafanyakazi zaidi ya 10,000. Vijana hao walikwenda kwa babu na bibi zao, waliokuwa watoto katika kambi za Union Minière miaka ya 1950, wakawauliza habari za utoto wao, wakaandika majibu, kisha wakayageuza kuwa tamthilia. Nia ni njema, na wachezaji wawili wana kipawa cha kweli. Kasoro imo katika lugha, nayo imepotosha hata historia yenyewe.

Wazee walisimulia kwa Kiswahili cha Lubumbashi. Vijana, kwa kuyaheshimu maandishi, wakasanifisha kila sentensi. Bibi aliyesema «tulisimamaka mu mulongo» akatiwa kinywani «tulisimama katika mstari». Aliyefunzwa shuleni ataona hapa tofauti ya adabu tu. Lakini -ak- si uchafu wa matamshi. Kiambishi hiki chatujulisha kwamba tendo la zamani lilikuwa desturi: watoto walisimama juma hili, na juma lililofuata, na mwaka uliofuata. Kiswahili sanifu nacho kina njia zake za kusema hivyo, kama «tulikuwa tukisimama» au «tulizoea kusimama». Vijana hawakuzitumia. Walikifuta kiambishi wasiweke kitu mahali pake.

Ndivyo desturi ilivyogeuka kuwa tukio. Siku ya posho inatokea mara moja tu katika mchezo mzima: unga wa mahindi, samaki wakavu, mafuta ya mawese, ngoma, shangwe. Watazamaji vijana walipiga makofi kama walioalikwa arusi. Nani angejua kwamba mtoto yule yule atarudi kusimama pale pale, mbele ya karani yule yule, mpaka awe mtu mzima?

Baada ya mchezo watazamaji walipewa nafasi ya kusema. Mama mmoja mzee akainuka, akaonyesha alivyokuwa akisimama: mkono mmoja umeshika mfuko mtupu, mwingine umebana kikaratasi cha posho kifuani. «Tuliogopaka», akasema, maana aliyekipoteza alirudi nyumbani mikono mitupu. Neno hilo halimo katika mchezo. Kijana mmoja wa kundi alimjibu kwa heshima: «Bibi, hofu hiyo ni ndogo mbele ya njaa yetu ya leo.»

Jibu hilo twalielewa. Hata mwalimu wa chuo anajua maana ya mwezi usio na mshahara. Lakini linafichua kiini cha mchezo, yaani wivu wa wajukuu kuliko utoto wa bibi zao. Donatien Dibwe dia Mwembu, katika kitabu chake cha 2001, aliwaita wana wa shaba waliotupwa na baba yao, na baba huyo ni kampuni. Vijana wetu wanamlilia baba ambaye hawakumjua, na kwa hiyo wanampamba kuliko wanavyomkumbuka waliokula kwake.

Mji huu una mfano mwingine. Kundi la Mufwankolo, ambalo Johannes Fabian alifuatilia mazoezi yake mwaka 1986 na kuyatolea kitabu mwaka 1990, halikuanza na maandishi. Wachezaji walijadiliana juu ya wazo, hata juu ya maana ya methali moja, wakagawana sehemu, na kila mmoja akatafuta maneno yake katika mazoezi, kwa Kiswahili cha mji. Katika kazi ya namna hiyo, mzee anaweza kumsahihisha mchezaji kabla ya kosa kukauka katika daftari. Mama yule aliitwa siku ya mwisho, akapewa kiti cha mgeni.

Twaambiwa kwamba mchezo utaonyeshwa tena katika mtaa mwingine. Twawaomba watunzi wamwite mama huyo kwenye mazoezi, wamrudishie -ak- yake, na mlolongo wa posho wauonyeshe mara tatu, bila ngoma katika mara mbili za mwisho.