Breki ya Watu Wengine

Ufukwe wa Kashikishi hauna mlima. Ukitoka Kawambwa ukateremka hadi Mbereshi, ukapita Mwansabombwe kwa Mwata Kazembe na kuifuata barabara ya Nchelenge, unafika ziwani ukidhani habari ya miteremko imekwisha. Mbele yako ni Ziwa Mweru, maji yaliyotandaa zaidi ya kilomita mia kuelekea Pweto, upande huu ni Zambia, na ng'ambo ile ni Kongo. Lakini ardhi ya pale imeinama. Imeinama kidogo tu, kama sinia lililoegemezwa ukingoni mwa mkeka, na pikapu iliyojaa samaki haidai mteremko mkubwa kuliko huo.

Mitumbwi ya chisense, yaani dagaa wa Mweru, hurudi alfajiri baada ya usiku mzima wa taa. Saa hiyo pikapu hurudishwa kinyumenyume hadi karibu na maji, pua ikitazama juu, mkia ukitazama ziwa. Dereva hushuka kwenda kupatana bei. Sasa hesabu waliobaki kati ya mkia wa gari na maji: akina mama na mabeseni yao, vijana wabebaji, mtoto aliyetumwa ndoo, mzee aliyeinama kuchagua samaki hali ameligeuzia gari mgongo. Mguu uliokuwa juu ya breki umekwenda zake. Uliobaki kazini ni waya mmoja wa chuma, mwembamba kuliko kidole, na vipande kadhaa vilivyojificha ndani ya dramu za nyuma.

Breki ya mguu ni ya dereva, naye huijali kwa sababu roho yake imo. Breki ya mkono ni ya watu wengine. Ndiyo maana huwa ya kwanza kuachwa iharibike na ya mwisho kutengenezwa, na ndiyo maana namheshimu fundi anayeipa siku nzima kuliko yule anayefufua injini iliyokufa. Injini ikiunguruma kila mtu hupiga makofi. Breki ya mkono ikishika, hakuna kinachotokea, na hilo ndilo lililotafutwa.

Nilijifunza hayo kwa kosa langu. Nilikuwa nikinunua samaki wakavu na wa chumvi Nchelenge na kuwapeleka Nakonde, mpakani na Tunduma, kwa Hilux kuukuu ya miaka ya themanini, ile ambayo mpini wa breki ya mkono hutokeza chini ya dashibodi kama mpini wa mwavuli: unauvuta kuifunga, unauzungusha kuiachia. Kebo yake ilikuwa imekwama. Ukiivuta, hairudi, gari linakwenda huku shuu za breki zikisugua, dramu inachemka hadi harufu ya kuungua inaingia ndani. Katika gereji moja njiani fundi aliingia uvunguni, akaikata. Dakika tano. Gari likawa jepesi, nikafurahi. Tangu siku hiyo nikawa mtu wa gia na jiwe: ukisimama, ingiza gia, tia jiwe nyuma ya tairi.

Gia si breki. Inalishikilia gari kwa mgandamizo wa injini, na injini ya dizeli iliyochoka haina mgandamizo wa kutosha. Gari huteleza hatua kwa hatua. Tena Hilux inayovuta kwa magurudumu manne ina kisanduku cha pili cha gia, na fimbo yake ikikaa katikati, gia kuu yaweza kuwa ndani huku magurudumu yako huru kabisa. Asubuhi ile fimbo ilikuwa katikati. Mkono wangu ndio uliokuwa umeisukuma. Jiwe sikutia, maana nilikuwa nikikimbilia bei.

Sikusikia gari likiondoka, nilisikia watu. Mama mmoja alivutwa mkono na mwenzake. Beseni lake lilipita chini ya tairi, chisense wake wakashindiliwa mchangani, gari likaingia ziwani hadi maji yakagusa milango. Hakuna aliyeumia. Nililipa beseni na samaki. Yule mama alizipokea pesa bila kunitazama usoni.

Fundi aliyenisaidia alikuwa na kivuli cha mwembe, si mbali na boma la Nchelenge. Mzee wa Pweto, pale Mto Luvua unapotoka ziwani, na Kiswahili chake ni kile cha Katanga. (Kiswahili kilifika nchi hii kabla ya gari. Livingstone alipofika kwa Mwata Kazembe, Novemba 1867, alimkuta Mohamad bin Saleh, mfanyabiashara aliyekuwa amekaa huko miaka mingi.) Nilimwambia akaushe injini, abadilishe mafuta, kisha aondoe mabaki ya breki ya mkono kwa sababu yalikuwa yakigongana.

Akaniuliza gari lilivyoingia majini. Nikamweleza.

“Weye utashuka, utaenda,” akasema. “Motoka itabakia na bantu.”

“Papa, nitaweka jiwe.”

“Weka. Lakini jiwe haijue kama umeshuka.”

Mabaki hakuyaondoa. Siku ya tatu alianza kuirudisha breki, nami nikakaa karibu yake kwenye debe, nikimpa spana.

Kwanza alitia vipande vya gogo mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, akainua nyuma kwa jeki, akaegemeza ekseli juu ya magogo, jeki hakuiamini. Dramu zilikuwa zimegandamana. Nilitegemea nyundo. Yeye alipangusa uso wa dramu mpaka vikatokea vitundu viwili vyenye hesi, akatia bolti mbili, akawa anazikaza kwa zamu, robo kwa robo, mpaka dramu ikasogea yenyewe kama mlango wenye kutu. Vitundu hivyo vimewekwa kiwandani kwa kazi hiyo hiyo. Watu wamevipita miaka na nyundo mkononi.

Ndani mlikuwa na vumbi jeusi. Akanizuia nisipulize. Akalimwagia maji kidogo, akalifuta kwa kitambaa kilicholowa, kitambaa akakifukia. Shuu nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake likishaingia mapafuni halitoki.

Kisha tukafika mahali ugonjwa ulipokuwa. Sote tulikuwa tumeilaumu kebo. Nyuma ya kila gurudumu la Hilux hii kuna kipande cha chuma kilichopinda kama kiwiko. Kebo inakivuta kwa upande, nacho kinageuka kwenye pini yake na kuusukuma wenzo ulio ndani ya dramu. Pini ndiyo iliyokuwa imeganda. Kebo ilikuwa nzima siku ile ilipokatwa. Haikurudi kwa sababu kiwiko hakikuirudisha.

Na pini imeganda kwa nini, ziwa hili likiwa la maji matamu? Akapapasa chini ya bodi, akanionyesha michirizi myeupe. Samaki wa chumvi. Kila safari maji yao hudondoka kwenye nyufa za bodi, yanatua juu ya ekseli, yanakauka, yanatua tena. Tangu siku hiyo naosha bodi chini kabla sijaiosha juu.

Alivifungua viwiko vyote viwili, akaviloweka kwenye dizeli tangu asubuhi hadi jua la saa nane, akazigonga pini kwa kipande cha mti ili zisichanue, akazisugua kwa msasa, akazipaka grisi, akavirudishia vifuniko vya mpira alivyokata kwenye tyubu ya baiskeli. Kila alichokirudisha alikigeuza kwa kidole kwanza. Kikihitaji nguvu, alikitoa tena. Sijaona kipimo kilicho cha kweli kuliko kidole hicho.

Kisha akanieleza jambo ambalo madereva wengi hawalijui. Katika Hilux za aina hii, breki ya mkono ndiyo inayoirekebisha breki ya mguu. Ndani ya dramu kuna ajasta, kigurudumu chenye meno. Kila unapovuta mpini, kama shuu zimelika na nafasi imepanuka, wenzo husogeza jino moja, shuu zikaikaribia dramu. Ukiikata kebo, hakuna tena anayesogeza. Baada ya miezi kadhaa pedali inazama, dereva ananunua silinda kuu mpya, pedali inazama tena. Mimi nilikuwa nimekwisha kununua ya pili.

Kwa hiyo kuondoa breki ya mkono si kuondoa kitu kimoja. Hata kwenye Land Rover za zamani, zilizoanza kutengenezwa mwaka 1948, ambako breki hiyo haimo magurudumuni, ina hila zake. Pale ni dramu moja nyuma ya giaboksi, inashika propela. Inashika kwa nguvu, lakini oili ikivuja kutoka kwenye sili inazilowesha shuu, na ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, difu inaliacha gari lisogee na kukuangukia. Wanaozijua hutia kabari kabla ya jeki, breki iwe imevutwa au haikuvutwa.

Kebo mpya ilitoka Mansa, ndani ya basi, imeviringwa kwenye gunia. Mzee alianza kurekebisha kwenye dramu, hakuanza kwenye mpini. Alizungusha ajasta mpaka gurudumu likakataa, akarudisha meno machache mpaka likazunguka huku likinong'ona, ndipo akaenda kukaza nati ya kebo. Anayekaza kebo kwanza huficha ulegevu wa ndani, na baada ya wiki mpini unatoka mrefu kama zamani.

Jaribio alilifanyia ufukweni, pale pale nilipoaibika. Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu breki zinataka gari la mizigo, likiwa limejaa, lishikiliwe na breki yake ya kuegesha kwenye mteremko wa asilimia 18, pua ikiwa juu na pua ikiwa chini. Hakuwa na mashine ya kupimia, wala simjui aliyemfundisha, lakini kwenye mwinamo ule mdogo alifanya hivyo hivyo: magunia ya mchanga nyuma, gari pua juu, kisha likageuzwa pua chini, kwa kuwa shuu za dramu huenda zisishike sawa pande zote mbili. Nyuma ya tairi, upana wa kiganja, alisimamisha kopo tupu la maziwa. Fimbo zote mbili za gia aliziacha huru. Tukakaa mbali, tukanywa chai. Kopo lilibaki limesimama, na muda wote wa kikombe kile hakuliondolea macho.

Aliniagiza jambo moja. Kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari ziwa hufungwa ili samaki wazaane, na magari mengi hulala kwenye mvua. Gari likilala hivyo, nisiliache mpini umevutwa. Shuu hushikana na dramu kwa kutu. Niachie, nitie kabari pande zote mbili.

Safari iliyofuata nilirudisha gari kinyumenyume hadi pale pale. Nikavuta mpini. Unatoa mlio wa meno, kra-kra-kra, na kwa mara ya kwanza nilitaka wengine wausikie. Yule mama alikuwepo na beseni jipya. Alilitazama gari, akanitazama mimi, akaenda kuokota jiwe la ukubwa wa kichwa, akalisukumiza nyuma ya tairi kwa mguu. Kisha akaweka beseni lake kivulini, chini ya mlango wa nyuma, akaketi kuchagua chisense. Jiwe sikuligusa mpaka tulipoondoka.