Milan na Milanzi

Jina la mji mdogo wa Milan, katika jimbo la Indiana huko Marekani, linakaribiana mno na jina la kwetu Milanzi, pale Sumbawanga, hata nilipolisikia mara ya kwanza nilidhani nataniwa. Undugu wa majina hayo ni wa bahati tu. Lakini habari za Milan ile zilizaa filamu ambayo niliipenda, nikaitumia vibaya, na leo nataka kuihukumu kwa haki, nami mwenyewe nikiwa kizimbani pamoja nayo.

Filamu yenyewe inaitwa Hoosiers, jina wanaloitwa watu wa Indiana. Ilitoka mwaka 1986. Mwandishi wake ni Angelo Pizzo na mwongozaji ni David Anspaugh. Inasimulia msimu mmoja wa timu ya mpira wa kikapu ya wavulana wa sekondari ya Hickory, kijiji cha kubuni. Kocha mgeni, Norman Dale, aliyeigizwa na marehemu Gene Hackman, anafika akiwa na doa katika maisha yake ya nyuma. Wanakijiji hawamtaki. Wachezaji ni wachache, na yule aliye bora kuliko wote hataki kucheza. Hata hivyo, mwisho wa yote, vijana hao wanafika Indianapolis mwaka 1952 na kulitwaa kombe la jimbo kwa mtupo wa mwisho kabisa.

Sitaki msomaji adhani kwamba ni filamu mbovu. Yumo humo Shooter, mlevi anayeujua mchezo kuliko mtu yeyote kijijini, na mwanawe ni mmoja wa wachezaji. Kocha anampa kazi ya usaidizi kwa sharti kwamba asinywe. Dennis Hopper ameicheza nafasi hiyo kwa namna inayouma: baba anayetamani kumfurahisha mwanawe, naye anamwaibisha mbele ya watu. Filamu haimponyi kwa muujiza. Siku ya ushindi yeye yuko hospitalini. Hapo ndipo inapokuwa ya kweli kabisa.

Lakini tukio ambalo kila mtazamaji hulikumbuka ni lile la futi ya kupimia. Vijana wa Hickory wanaingia katika ukumbi mkubwa wa Indianapolis, wanatazama juu, midomo wazi. Kocha anatoa futi na kuwaambia wapime. Kutoka chini ya kikapu hadi mstari wa mitupo huru ni futi 15. Kutoka sakafuni hadi kwenye pete ni futi 10. Anawaambia kwamba wataona ni vipimo vile vile vya ukumbi wa kwao. Vijana wanacheka, na hofu inawatoka.

Mwaka 1996 nilikuwa nikifundisha, na kusimamia michezo, katika shule moja ya sekondari mkoani kwetu. Tuliazima kanda ya filamu hiyo, televisheni na jenereta, tukawaonyesha vijana wa timu yetu wiki moja kabla ya mashindano ya wilaya. Kiingereza cha Indiana kiliwapiga chenga, kwa hiyo nilikuwa nikisimamisha kanda na kuwatafsiria. Tulipofika kwenye futi ya kupimia niliongeza ya kwangu. Niliwaambia: “Mnaona? Kikapu ni kile kile. Tofauti ya mshindi na mshindwa ni moyo tu.” Maneno hayo hayamo katika filamu. Ila nadhani sikukosea kuyasikia ndani yake.

Tulifungwa mchezo wa kwanza, na si kwa pointi chache. Uwanja wetu ulikuwa wa udongo. Wakati wa masika mpira ulikwama kwenye tope, na ilipofika Juni, miezi ya baridi na upepo huku Ufipa, ulidunda juu ya vumbi na kwenda utakako. Wenzetu walizoea sakafu ya saruji. Vijana wetu walipokimbia na mpira juu ya saruji ile, ulirudi mkononi upesi kuliko walivyotazamia, wakaupoteza mara kwa mara. Usiku ule niliwaita nikawaambia kwamba wameshindwa kwa sababu hawakuwa na moyo. Mmoja wao akauliza kwa adabu: “Samahani mwalimu, wale wa kwenye filamu walikuwa na ukumbi wao?” Nilimwambia aache visingizio.

Ilinichukua miaka kulijibu swali hilo, na jibu ni kwamba ndiyo, walikuwa nao. Katika filamu unaonekana waziwazi: Hickory, kijiji cha wakulima, kina ukumbi wenye sakafu ya mbao, na jioni ya mchezo wanakijiji wanajaa humo. Nilikuwa nimeutazama bila kuuona.

Milan ya kweli nayo haikuwa mtoto yatima. Ni kweli ilikuwa shule ya wanafunzi 161, na kwamba tarehe 20 Machi 1954 iliishinda Muncie Central, shule kubwa yenye makombe manne ya jimbo, kwa 32 kwa 30. Ni kweli pia kwamba mtupo wa mwisho ulikuwa wa kijana mmoja, Bobby Plump. Lakini msimu mmoja kabla, mwaka 1953, timu hiyo ilikuwa imekwisha kufika nusu fainali ya jimbo. Kocha wake, Marvin Wood, alikuwa kijana asiyefikia miaka 30, na alijua kuutuliza mchezo: katika robo ya mwisho Plump alisimama na mpira mkononi kwa zaidi ya dakika nne bila kutupa. Huo ni utulivu wa watu waliofundishwa pamoja muda mrefu.

Zaidi ya hayo, mlango ulikuwa wazi. Siku zile shule zote za Indiana, kubwa kwa ndogo, zaidi ya 700, ziliingia katika mashindano mamoja ya kuwania kombe moja. Utaratibu huo uliachwa, na tangu msimu wa 1997-98 shule hugawanywa kwa ukubwa. Ushindi wa Milan ulihitaji moyo, sikatai. Lakini moyo usingefua dafu bila ukumbi, bila timu iliyokaa pamoja, na bila mlango huo.

Kama kuna anayetilia shaka hoja yangu, na aitazame shule ya Crispus Attucks ya Indianapolis. Ilifunguliwa mwaka 1927 kwa ajili ya wanafunzi weusi, ili wasisome pamoja na weupe. Hadi mwaka 1942 haikuruhusiwa kuwa mwanachama wa chama cha michezo cha shule za jimbo, na kwa hiyo kombe halikuwa lake kuliwania. Ukumbi wake ulikuwa mdogo mno, ikabidi timu icheze ugenini karibu siku zote. Mwaka 1954 Milan iliifunga Attucks ikiwa njiani kwenda fainali. Ndani ya Attucks alikuwamo kijana Oscar Robertson, ambaye baadaye dunia nzima ilimjua. Mwaka 1955 Attucks ikalitwaa kombe, na mwaka 1956 ikalitwaa tena bila kufungwa hata mchezo mmoja. Mwaka ule wa 1955 mabingwa hao hawakuachwa washerehekee katikati ya jiji kama ilivyokuwa desturi. Msafara wao ulipelekwa kwenye bustani ya mtaa wa watu weusi.

Je, filamu inasema nini juu ya hayo? Haisemi kitu. Wapinzani wa Hickory katika fainali wana wachezaji weusi na kocha mweusi. Ni warefu, wanatisha, na hakuna hata mmoja tunayeambiwa ametoka wapi. Si uongo mtupu, kwa maana Muncie Central nayo ilikuwa na wachezaji weusi. Lakini anayeonekana kwenye benchi lile la wapinzani ni Ray Crowe, kocha halisi wa Attucks wa mwaka 1955 na 1956. Mtu mwenye hadithi kubwa kuliko ile tunayoitazama amewekwa pale ili afungwe.

Nakumbuka usiku ule wa jenereta, mpira wa mwisho ulipoingia kikapuni, vijana wetu wote wa Kifipa waliruka na kushangilia. Nami niliruka. Tulikuwa tumefundishwa na kamera nani ni mnyonge na nani ni jitu, tukaitika.

Sasa turudi nyumbani. Mashindano yetu ya UMISSETA hayana msimu wa miezi kama ule wa Indiana. Ni wiki chache za katikati ya mwaka. Tena, kadiri ngazi zinavyopanda, shule hupotea. Wachezaji bora huteuliwa kutoka shule mbalimbali, na anayekwenda taifani ni timu ya mkoa. Utaratibu huo una faida zake: mkoa wa mbali kama Rukwa hauwezi kugharimia safari ya kila shule, na kijana hodari wa shule dhaifu hupata nafasi ya kuonekana. Lakini maana yake ni kwamba Milan haiwezi kutokea Milanzi. Hata kama vijana watano wangekua pamoja, wakajuana kwa macho tu uwanjani, siku wanapoanza kushinda ndiyo siku ya kutenganishwa.

Ndiyo maana hadithi yetu kubwa ya mpira wa kikapu ni ya mtu mmoja: Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam aliyeuanza mchezo akiwa amekwisha kubalehe, na mwaka 2009 akachaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies, Mtanzania wa kwanza kuingia ligi ya NBA. Tunajivunia, na tuna haki. Lakini hadithi ya aliyeteuliwa haiwafundishi chochote wanne waliobaki uwanjani.

Hukumu yangu juu ya Hoosiers, basi, ni hii. Ni filamu nzuri juu ya aibu na msamaha, na ni mwalimu mbaya wa sababu za ushindi. Inapima kimo cha kikapu, haipimi sakafu. Na anayeamini kwamba mnyonge hushinda kwa moyo hana budi kuamini pia kwamba mnyonge akishindwa kosa ni lake. Ndivyo nilivyoamini mimi, na ndivyo nilivyowaambia watoto wa watu.

Ningeionyesha tena leo. Ningesimamisha kanda kwenye ule ukumbi wa kijijini, na tena kwenye benchi la Ray Crowe.

Yule kijana aliyeuliza swali sasa ni baba wa watoto. Tukikutana sokoni hunipa shikamoo kwa furaha, huniuliza habari za nyumbani, wala hajapata kunikumbusha usiku ule. Siku moja nilimwambia kwamba walikuwa na ukumbi. Alicheka, akasema, “Tulijua, mwalimu. Tuliuona.”