Barua Pepe na Kikapu cha Milulu

Wafuatiliaji wa takwimu za ajira wanalikumbuka jedwali la Aprili 2020: Jonathan Dingel na Brent Neiman wa Chuo Kikuu cha Chicago, asilimia 37 ya kazi za Marekani zinaweza kufanyiwa nyumbani. Data wazi, hesabu safi. Lakini kigezo cha barua pepe kilikuwa kosa tupu.

Moja ya kanuni zao ni hii: kama Wamarekani wanaoifanya kazi fulani walijibu kwamba, kwa wastani, wanatumia barua pepe chini ya mara moja kwa mwezi, kazi hiyo inafutwa, haiwezekani nyumbani. Basi. Hakuna anayeuliza inafanyiwa wapi sasa hivi. Kwa Marekani iliyojifungia kwa korona ungeweza kuwaelewa, maana walitaka kujua nani ahame na kompyuta yake. Ila majibu yaleyale ya Wamarekani wakayatumia kupima nchi nyingine 85. Hapo ndipo nilipoweka kalamu chini.

Njoo Iringa, Tanzania. Mama anayesuka kikapu cha milulu anaanzia kitako, anapanda taratibu huku maharage yako jikoni. Mtoto akilia anakiweka chini, akinyamaza anaendelea. Mnunuzi anamfuata hapohapo uani. Fundi cherehani wa Kihesa yuko barazani kwake. Mpika pombe ya komoni, pipa lake liko nyuma ya nyumba. Hawa hawajahamia nyumbani, hawakuwahi kutoka, na barua pepe hawana haja nayo. Chujio la Chicago linawamwaga wote.

Na kosa haliko Chicago tu: mdadisi wa takwimu akimuuliza mama huyo anafanya kazi gani, atajibiwa "nipo tu nyumbani", naye ataandika hivyohivyo. Watafiti Maliyamkono na Bagachwa, kwenye kitabu chao cha 1990 kuhusu uchumi wa pili wa Tanzania, ule usioonekana kwenye hesabu rasmi, walianza kwa kuzishuku takwimu rasmi. Siku hizi tunaanza kwa kupakua faili.

Shirika la Kazi Duniani (ILO), Januari 2021, lilihesabu waliko watu kweli: kabla ya korona watu milioni 260 duniani walifanyia kazi nyumbani, asilimia 7.9 ya wote wenye kazi, wanawake milioni 147. Kazi nzuri.

Kwa dodoso lijalo la utafiti wa Nguvu Kazi hapa Tanzania, swali la mahali pa kazi liulizwe kwa kila shughuli, ya pili na ya tatu pia. Msukaji wa Kilolo akidodoswa msimu wa kulima atasema yeye ni mkulima, na vikapu vyake havitaonekana popote.