Geuza Mkeka, Usome Mgongo

Muuzaji atakutandikia mkeka wa ukindu rangi zikikutazama. Mwombe augeuze. Mgongoni ndiko msukaji anakoachia ncha kila anapoingiza chane mpya. Pitisha kiganja: ncha zikikukwaruza, kazi ilifanywa kwa haraka, na mara nyingi haraka hiyo si ya msukaji.

Kisha uinue kwenye mwanga. Mkeka hausukwi mzima; husukwa ukili mrefu, halafu ukili ukashonwa ubavu kwa ubavu. Vitundu vikijipanga mstari, mshono umelegea. Utandaze sakafuni pia. Ukili uliopanuka huku na kubana kule huvimbisha mkeka katikati, na ule msemo kwamba mkeka mpya haulaliwi vyema usikuhadae: huo hautanyooka hata ukizeeka.

Rangi ijaribu kwa kidole kilicholowa, basi.

Mimi hukaa zaidi kwenye chane. Ukipunguza upana wake nusu, ukili uleule utataka chane mara mbili, na mapishano katika eneo lilelile yatakuwa mara nne. Mchuuzi naye hulipa kwa mkeka, hahesabu siku. Mkeka wa plastiki wa kiwandani umeshampa mteja bei ya kulinganishia, kwa hiyo msukaji hupanua chane ili amalize mapema. Simlaumu. Ila nikishika chane pana kama kidole, naiona bei ya plastiki imesukiwa humo humo. (Plastiki yenyewe sina ugomvi nayo, huoshwa ikakauka, na kwenye shughuli ya watu wengi nami huitandika.)

Sasa tafuta mahali ua linapobadilika. Msukaji hana mchoro mbele yake, anahesabu chane kichwani. Pengine kijani kilimwishia, akaingiza nyekundu. Je, alikosea? Tazama ukili wa upande wa pili: nyekundu hiyo ikitokea tena, imeupa mkeka mizani, basi alikusudia. Kosa huonekana mara moja likaachwa. Shauri la msukaji hurudi. Kiwandani ua halibadiliki, kwa hiyo hakuna la kutafuta.

Ukiupata wa namna hiyo, uliza umesukwa na nani. Muuzaji akimjua, agiza wa pili kwa chane nyembamba, mkaelewane bei kabla mama huyo hajaanza kuchana ukindu.