Joho la Buibui



Kwetu pwani likitajwa buibui hutujia mambo mawili: mdudu wa pembeni mwa dari, na vazi jeusi la mama zetu. Ninalotaka kukuonyesha leo ni la tatu, nalo ni vazi lililofumwa kwa uzi wa mdudu huyo.

Mwaka 2012 makumbusho ya Victoria and Albert, mjini London, yalionyesha joho lililotengenezwa kwa jirani zetu wa Bukini, yaani Madagaska. Walioisimamia kazi hiyo ni Simon Peers, Mwingereza, na Nicholas Godley, Mmarekani, pamoja na mafundi wa huko. Buibui 1,200,000 walitumika. Walikamatwa, wakatiwa katika mashine ya mkono yenye kuchukua 24 kwa mara moja, wakavutwa uzi, kisha wakarejeshwa porini. Kuwafuga pamoja kama viwavi wa hariri haiwezekani, kwani hulana. Joho halikutiwa rangi hata tone. Dhahabu ile ndiyo rangi ya uzi wenyewe. Na juu yake yametariziwa maua na buibui, dhahabu juu ya dhahabu, hata pambo halipigi kelele.

Ufundi huo nausifu. Lakini joho ni la kuvaliwa, na hili limepata jina kwa kutazamwa ndani ya kioo.

Sasa tazama njia nyingine. Huko Japani, kampuni ya Spiber haikuwa na haja ya kuwinda buibui. Wataalamu wake waliuchungua uzi umeumbwaje, wakaandaa vijidudu visivyoonekana kwa macho, wakavilisha sukari, navyo vikatoa protini ya kufanyia nyuzi. Mwaka 2015, wao na kampuni ya Goldwin, inayotengeneza nguo za The North Face nchini humo, walionyesha koti la baridi, Moon Parka, nalo pia la rangi ya dhahabu. Watu wakalistaajabia. Ila uzi wa buibui una tabia moja: ukirowa hurudi, hunywea. Koti linalorudi mvuani ni koti gani? Basi hawakuliuza. Walirejea kazini wakaibadilisha protini yenyewe, na ilipofika 2019 ndipo makoti 50 yalipouzwa, kila moja kwa yeni 150,000. Bei hiyo si ya mvuvi, najua. Hata hivyo miaka ile minne ya kutoridhika na sifa naiona ni kubwa kuliko dhahabu yote ya joho, kwa sababu walimfikiria atakayelivaa.

Wako watakaosema kuwa uzi huu, ambao ukipimwa kwa uzito huweza kuushinda chuma, unaipinga Sura ya Al-Ankabut. Haraka hiyo haina msingi. Mfano uliopigwa humo ni wa nyumba ya buibui, na nyumba ile haimkingi mtu jua wala mvua. Nguvu za uzi ni jambo jingine.

Utaniuliza pia: je, mwanamume avae? Wanavyuoni waliposema hariri walikusudia ya kiwavi. Hii ya vijidudu ina haja ya kutazamwa kwa utulivu, wala asikimbilie mtu kuiharamisha kwa jina tu, wala kuihalalisha kwa kuwa imepikwa pipani. Kwa makoti 50 ya yeni 150,000, swali hilo halijabisha hodi msikitini kwetu.